Bawa Ambalo Halikuvunjika

Ninyi muliobaki kwa ateliye ya mitumbwi, mulinikatia keki, mukanipa saa ya ukutani, na Patron Katembo akasimama mbele yenu akasema Kubuya ametumika vizuri, Mungu amulinde. Asante kwa keki. Ile saa nimeigeuza uso kwa ukuta. Daktari anasema mapafu yangu yamejaa vumbi la fibre, zile nyuzi zetu za kioo, na amenikataza hata kupita kwa barabara yenu, kwa hiyo sasa niko na nafasi ya kuandika. Masomo yangu yaliishia mwaka wa tano wa primaire. Mukikuta makosa ya kuandika, hayo ni yangu. Makosa mengine yaliyo humu yana wenyewe, na nitawataja kwa majina.

Mambo ya cheo na mushahara nitayaacha. Si kwa adabu, ni kwa sababu karatasi ingebaki tupu.

Siku yangu ya kwanza, muzee Kakule alinipa kipande cha papier verre, karatasi ya kusugulia, na mutumbwi wa fibre uliokauka jana yake. Akasema, "Sugua mpaka uone uso wako." Nilisugua hadi saa sita. Shingo ikawaka, viwiko vikawaka, na pale pengine ambapo mutu hajikuni mbele ya watu pakawaka zaidi. Nilikimbia nyumbani Murara, nikapasha maji, nikaoga kwa maji ya moto. Usiku ule sikulala. Kesho yake muzee alinitazama nikitembea miguu wazi kama bata, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Uliogea maji ya moto?"

"Ndiyo, muzee."

"Fibre inaogewa maji ya baridi, mutoto wangu. Maji ya moto yanaifungulia mulango. Sasa imeingia, wewe ni wa kwetu."

Hata leo ninawaona mukichemsha maji pale nyuma ya depo. Hakuna aliyewaambia, kwa sababu aliyekuwa anawaambia watu alifukuzwa. Nitafika pale.

Muzee Kakule alizaliwa Vitshumbi. Baba yake alikuwa anachonga mitumbwi ya miti, naye akachonga, mpaka miti ikawa shida na fibre ikaja. Alituletea desturi mbili za kule. Ya kwanza: fundi anapanda wa kwanza. Chombo kikishushwa majini, mununuzi anabaki kwenye mawe-mawe ya pwani, aliyekitengeneza anaingia, anapiga kasia mpaka mbali, anarudi. Kama ni cha kuzama, kizame naye. Muzee alisema hakuna garanti nyingine duniani. Desturi ya pili ilikuwa ya wavuvi wenyewe: mununuzi anapiga mutumbwi kofi. Ukilia "pa" nyembamba, anaenda zake. Anataka ulie kama tumbo la mutu aliyeshiba. Ndiyo maana tulizoea kunywesha fibre rezini, ile gundi ya maji-maji inayokauka ngumu, bila huruma, tabaka juu ya tabaka. Mutumbwi wetu mumoja ulihitaji wanaume wanane kuubeba, na sisi tulijisifu kwa hilo.

Kiisha akaja Masika.

Masika alikuwa binti wa ndugu mukubwa wa Patron. Baba yake alikufa mapema kule Butembo, na Patron, baba yake mudogo, ndiye aliyemusomesha Ulaya. Alirudi injeniere. Alirudi pia na kazi moja kichwani: kutengeneza planeri ya mashindano, ndege isiyo na moteri, ya watu wawili, ambayo inavutwa kwa kamba mpaka juu, halafu inaachiliwa, inatafuta hewa yenye kupanda kama vile tai wanavyofanya juu ya milima yetu. Alitaka kuipeleka kwenye mashindano Afrika Kusini. Patron alikubali. Wakati ule nilimusifu. Baadaye nilielewa kwamba yeye alikuwa anaona jina lake likiruka.

Siku aliyotueleza, tulikuwa tumekaa juu ya mitumbwi. Akasema mabawa na mwili wote utakuwa wa fibre.

"Bila moteri," muzee Kakule akasema.

"Bila moteri, papa."

"Na mukija kuchoka huko juu, munakaa wapi?"

Tukacheka wote, na yeye akacheka kuliko sisi. Hakuwa na majivuno. Lakini kwa kazi alikuwa mukali kama pilipili ya Masisi. Sheria yake ya kwanza: mutu asikaribie bawa na viatu. Goma hii, kila kiatu kina kipande cha lava chini yake, na mukwaruzo mudogo kwa fibre nyembamba ni mwanzo wa ufa. Tulivua viatu mulangoni kama watu wanaoingia kuona maiti. Wapita-njia walifikiri tumefungua kanisa jipya.

Bawa la kwanza tulilifanya kwa mazoea yetu. Tulililisha. Lilipotoka kwenye moule, kalibu yake, muzee alilipiga kofi, likalia kama pipa lililojaa, naye akatabasamu. Masika akaomba mizani. Tuliazima ile ya kupimia viazi kwa mama mumoja wa soko, tukalitundika. Masika akasoma, akaenda kuchukua nyundo.

"Papa Kakule, bawa hili limebeba mutu mumoja ambaye hayupo. Anza wewe."

"Nianze nini?"

"Kulivunja."

Muzee aliishika ile nyundo muda murefu. Alikuwa hajawahi kuvunja chombo chake. Alipiga mara moja, akatupa nyundo, akatoka nje, akakaa juu ya jiwe na mugongo kwetu. Masika alimufuata, akakaa chini karibu naye, kwenye lava, na surwali yake nzuri. Sijui walizungumza nini. Waliporudi muzee akasema, "Haya, nifundishe kunyima."

Basi tulijifunza kunyima. Rezini ya planeri si ile ya mitumbwi, na inapimwa kwa mizani ndogo. Unaiweka kwa kitambaa cha fibre, halafu kazi yote ni kuitoa tena: unakamua na kiroli, unakamua, mpaka kitambaa kiwe kimelowa lakini hakimeremeti. Kiisha unafunika na plastiki, unafunga pembeni kote, unanyonya hewa ili plastiki ibane kila mahali. Pompe ya kunyonya hatukuwa nayo. Muzee alifungua firigo mbovu ya mama wa Patron, akatoa moteri yake, akaigeuza inyonye. Ilifanya kazi vizuri kabisa. Mama wa Patron hakusamehe.

Asubuhi za Goma ni baridi, na rezini haipendi baridi. Tulijenga chumba cha mabati, tukaweka imbabura, majiko ya makala, pembeni mbali, na mutu wa kuzichunga. Mvua ikinyesha tulisimamisha. Nyiragongo ikitoa majivu tulisimamisha. Umeme ukikatika katikati ya kunyonya, tulilaani kwa lugha zote za jimbo, na Masika alijua kulaani kwa lugha moja zaidi kutushinda.

Lilipokuja bawa la pili, watu wawili walilibeba. Muzee hakulipiga kofi. Alilishika chini ya tumbo kama unavyoshika mutoto aliyezaliwa leo.

Kabla ya kulikubali, Masika alitaka lipimwe nguvu. Tulililaza kichwa chini juu ya vyuma, tukapanga mifuko ya muchanga wa lava kutoka kwenye shina mpaka kwenye ncha. Likapinda. Likapinda tena, sawa na fimbo ya kuvulia samaki. Tukaongeza mifuko mpaka mifuko ikaisha, na yeye akasema inatosha, hewa haitaliomba hata nusu ya hiyo. Muzee akasema haitoshi. Akavua viatu, akapanda akakaa juu ya mifuko. Akatuita na sisi tupande. Tulikaa pale juu kama kuku kwenye kamba, bawa likitubembeleza, wala halikutoa mulio. Tulipotoa kila kitu, lilirudi mahali pake. La upande wa pili pia tulilitengeneza na kulipima vile vile. Kumbukeni hili, vijana. Ni sababu ya mimi kuandika.

Kazi iliyochukua uvumilivu zaidi ilikuwa ndogo kwa macho. Nyuma ya kila bawa kuna kibao chembamba chenye bawaba, kinachopanda na kushuka ili ndege ipinde. Kinaitwa eleroni. Masika alikitundika kwa nyuzi kwenye bawaba zake, na kilikuwa kinalala nyuma. Akayeyusha risasi ya betri mbovu, akaiweka mbele ya bawaba kidogo-kidogo, mpaka kibao kikasimama sawasawa hewani, hakiendi mbele wala nyuma.

"Kikiwa kizito nyuma," alitufundisha, "mwendo ukizidi kinaanza kutetemeka kama bendera. Na hii bendera inang'oa muti wake."

Akaongeza: hakuna kuweka rangi. Weupe unaotoka ndani ya moule ndio rangi yake. Weupe unafukuza joto la jua, na rangi juu ya eleroni ni uzito nyuma ya bawaba. Alisema haya mbele yetu wote. Alisema pia mbele ya Jules, mupaka-rangi wa garaji kule Murara, aliyekuja siku ile kutafuta kazi. Jules aliitika, "Nimesikia, mama injeniere." Ninaliandika jina lake: Jules. Alisikia.

Planeri ikaunganishwa, ikawa nyeupe, ndefu, kimya. Masika aliijaribu kwanza kwa kuruka chini-chini kwenye kiwanja cha zamani cha ndege cha shamba la chai, kule ambako barabara bado inakubali kupitisha remoki ya kuibebea. Ikavutwa na jipi kwa kamba, ikanyanyuka, ikatua. Muzee Kakule alikaa nyuma ya jipi ile, uso kwa planeri. Hiyo ilikuwa nafasi yake. Planeri ikitikisa mukia kushoto na kulia, maana yake ni kwamba jipi inakimbia mno. Muzee anapiga bati la kabini, dereva anapunguza. Walizoeana hivyo kama mutu na mukewe.

Kiisha Masika akasafiri Kampala kuchukua saa za kupimia kimo. Na Patron akapanga sherehe.

Hapa nitaenda polepole, mukono wangu unataka kukimbia.

Patron Katembo aliona planeri nyeupe, akasema inafanana na sanda. Akamuita Jules. Tulimukuta Jules asubuhi amekwisha anza na mastike, ile ya kuziba matundu ya basi, halafu rangi nyekundu nzito, halafu jina la magazini ya Patron, duka lake, kwa herufi za njano, kila bawa, kila kibao. Muzee Kakule alimushika mukono.

"Jules, ulisikia alichosema mama."

"Nilisikia, muzee. Lakini mama hayupo, na mukubwa yupo."

Muzee akaenda kwa Patron ofisini. Nilikuwa nyuma yake. Patron hakuacha kutazama telefone yake. "Kakule, wewe ni mutu wa mitumbwi. Mutumbwi usio na rangi nani ananunua?"

Siku ya sherehe Masika alifika moja kwa moja kutoka safarini. Wageni walikuwa wamekaa chini ya maturubai, wakubwa wa jimbo, wazee wa familia kutoka Butembo, padri na maji yake ya baraka. Planeri nyekundu iling'aa kama gari la arusi. Alitembea mpaka kwenye bawa, akainua eleroni kwa kidole kimoja, akaachilia. Ikaanguka kama sikio la mbuzi.

Alimuita Patron pembeni. Si mbali, tulisikia.

"Papa, leo hairuki. Tunapaswa kukwangua."

"Mama, angalia watu. Wazee wamepita ile barabara juu yako. Padri amekwisha bariki. Nisimame niseme nini? Kwamba mutoto wangu ameogopa rangi?"

"Si rangi, papa. Ni uzito."

"Mimi nilikuokota ukiwa bila baba. Sijakuomba kitu. Leo usinipatishe haya."

Wazee walikuwa wamegeuza vichwa. Ninyi munaojua kwetu, munajua binti hashindani na baba yake mudogo mbele ya wazee. Angekuwa mugeni, angeingia kwa gari akaenda. Alitazama majani. Kisha akasema, "Basi, jipi ipite mwendo mudogo, ule tuliopatana. Nitapanda kidogo, nitashuka. Papa Kakule akae nyuma."

"Nitaendesha mimi mwenyewe," Patron akasema, kama anayetoa zawadi.

Muzee alitaka kupanda planeri, fundi wa kwanza. Masika akamukatalia: macho yake yanahitajika kwa jipi. Akaniambia na mimi nibaki chini. Nilimujibu kwamba desturi haina siku ya mapumziko. Akacheka kidogo, akanifunga mikanda ya kiti cha nyuma kwa mikono yake.

Tulipoanza kuvutwa, nilitazama mbele nikaona nyuma ya jipi hakuna muzee. Kulikuwa na mupiga kamera. Patron alikuwa amemushusha muzee dakika ya mwisho, akamupa mupiga kamera nafasi yake, apate picha nzuri. Niliona muzee Kakule kwenye majani, akikimbia nyuma ya jipi na mikono juu, kofia ikamuanguka.

Tuliacha ardhi. Ilikuwa kimya na nzuri, sitadanganya. Halafu mulio wa hewa ukazidi. Patron alikuwa anapita mbele ya maturubai, na alikanyaga. Masika alitikisa mukia, kushoto, kulia. Akatikisa tena. Mupiga kamera alikuwa anatutazama kabisa, jicho ndani ya mashine, akatupungia mukono.

Mutauliza kwa nini hakuachilia kamba. Chini vile, ukiachilia bila kimo, unaanguka. Alikuwa anatafuta kimo. Fimbo ya kuongozea ikaanza kumupiga magoti, ta-ta-ta-ta, na bawa la kushoto likatetemeka mpaka sikuona tena herufi za njano. Akaachilia kamba. Papo hapo eleroni ya kushoto ikang'oka na bawaba zake, ikaenda zake nyekundu hewani. Tukaanza kuzunguka. Aliniambia kwa sauti ya mutu anayeongea mezani, "Kubuya, funika kichwa." Tukapiga ardhi kwa bawa la kulia na pua.

Yeye alikuwa mbele. Mimi nilikuwa nyuma. Hiyo ndiyo hesabu yote ya kupona kwangu, na nililipa nyonga moja, na nusu ya usingizi wangu tangu siku ile.

Kwenye kilio cha Masika, Patron alilia kuliko wote, ilibidi wamushike. Sisemi hakuwa na uchungu. Ninasema alilia, akapangusa uso, akaenda kwa komisio ya uchunguzi akasema bawa lilivunjikia hewani, kwa sababu muzee wa Vitshumbi alinyima rezini. Alinyima! Neno lile lile muzee aliloliomba siku ya nyundo, sasa wakamufunga nalo shingoni. Wale wa komisio walikuja hospitali. Niliwaambia eleroni, rangi, mwendo, kamera. Mukubwa wao aliniuliza nilisoma mpaka wapi. Nikamujibu. Akafunga kalamu yake.

Muzee Kakule alifukuzwa wiki ile. Hakuna mutu aliyenunua tena mutumbwi kwa mukono wake. Wavuvi walisema ni yule aliyeua mutoto wa watu. Aliuza makala ya kupikia kule mutaani Katoyi. Nilipopata kutembea na fimbo nilikwenda kumuona. Alikuwa na mikono myeusi.

"Ulipanda wa kwanza," akaniambia. "Vizuri."

"Muzee, nitaendelea kusema."

"Sema. Lakini kula kwanza."

Alikufa bila mutu kumuomba radhi. Patron alituma muchele kwenye kilio, na Jules ndiye aliyeuleta, kwa gari lenye rangi nzuri.

Na mimi nilirudi kwa ateliye ile ile, kusugua mitumbwi, kwa sababu tumbo la watoto halina komisio. Miaka yote hiyo nimewasikia ninyi. Mugeni akiuliza, munasema, "Ah, ile ndege ya muzee Kakule, ilivunjika bawa." Picha za yule mupiga kamera munazo kwa telefone, pale mukia unapotikisika munasema, ona anavyosalimia wageni. Nilisema, mukasema Kubuya aligonga kichwa.

Basi sitasema tena. Patron si mutu wa kutupa kitu. Bawa la kulia lilisagika, lakini la kushoto aliliokota, akaliweka juu ya nguzo nyuma ya depo, na ndilo paa lenu la kulia chakula. Kila muchana munakaa chini yake na ugali wenu. Mvua na majivu vimebandua nyekundu ya Jules, na ile nyeupe imeanza kutoka. Ngazi iko nyuma ya tanki la maji. Pandeni. Tembeeni kutoka kwenye shina mpaka kwenye ncha, mutafute ufa. Mutakuta matundu tu ya bawaba, mahali eleroni ilipong'oka. Kaeni juu yake wote, litawabeba, lilitubeba sisi.

Mukipanda, vueni viatu.